Paa la Kabini: Refu au Fupi?

USALAMA NA AFYA
Somo kwa mashofere, watu wa garaji na jamaa zao



Zamani shaba ya Katanga ilitoka hasa kwa treni. Leo sehemu kubwa inatoka kwa kamioni. Mchana na usiku kamioni zinatoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, zinapita Kasumbalesa, kisha zinaingia Zambia na kuendelea mpaka bandari za Dar es Salaam, Beira na Durban. Nyuma ya kila usukani yuko baba wa watu. Yeye anakaa katika kabini saa nyingi kuliko anazokaa nyumbani kwake. Humo anakula, humo analala, na siku nyingine humo anaugua.

Wakati kampani inapotaka kununua kamioni mpya, ubishi unaanza kwenye garaji. Mmoja anasema: «Paa refu linakula mazutu, tununue fupi.» Mwingine anajibu: «Hapana, paa refu ndilo linalopunguza mazutu.» Wa tatu, ambaye ni shofere, anasema: «Ninyi mnasema juu ya mazutu. Mimi nitalala wapi?»

Wote watatu wana haki, lakini kila mmoja ameshika kipande kimoja tu cha ukweli. Somo letu la leo ni la kuunganisha vipande hivyo. Likumbuke neno hili tangu mwanzo: mzigo ndio unaochagua urefu wa paa, na usiku ndio unaochagua kitanda. Anayetazama mazutu peke yake anakosea, na anayetazama starehe peke yake anakosea vilevile.

1. Tujue kwanza maneno

Kamioni kubwa ya safari ina sehemu mbili. Mbele kuna kichwa, chenye motere na kabini. Nyuma kuna remoroki, inayobeba mzigo. Kichwa kinaweza kuachana na remoroki moja na kushika nyingine. Kwa hiyo kabini moja inaweza leo kuvuta kontena, kesho kuvuta remoroki wazi ya shaba. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo shina la maneno yote.

Kabini ziko za namna nyingi, lakini tunaweza kuzigawa hivi:

— Kabini ya mchana. Haina kitanda. Ni fupi kwa urefu na kwa kina. Inafaa kwa shofere anayerudi nyumbani kila jioni.

— Kabini ya kulala yenye paa fupi. Ina kitanda nyuma ya viti, lakini mtu hawezi kusimama wima ndani yake.

— Kabini ya kulala yenye paa refu. Mtu anasimama wima, anavaa suruali yake bila kujikunja, na mara nyingi kuna vitanda viwili, kimoja juu ya kingine.

Kati ya hizo mbili za mwisho kuna paa la katikati.

Kabini ya paa refu si jambo la jana. Mwaka 1979 Volvo ya Uswidi ilitoa kabini ya Globetrotter kwa kamioni yake F12. Waliinua paa kwa ajili ya mashofere wa safari ndefu, watu wanaokaa majuma mengi mbali na nyumba zao. Tangu wakati ule karibu kila mtengenezaji amekuwa na kabini za urefu mbalimbali. Hata HOWO na Shacman za China, ambazo wengi wetu tunaziona kila siku barabarani, zinauzwa na paa fupi au refu.

Tena usichanganye urefu wa paa na urefu wa sakafu. Motere inakaa chini ya kabini, na mara nyingi inafanya nundu katikati ya sakafu, kati ya viti viwili. Sakafu ikiinuliwa, nundu inapungua au kwisha kabisa. Katika kamioni za Scania herufi inakuonyesha jambo hilo: P iko chini, G na R zinapanda, na S, iliyotolewa mwaka 2016, ina sakafu ya juu iliyo sawa bila nundu. Basi uliza mara mbili: «Sakafu iko wapi?» na «Paa liko wapi?» Kabini inaweza kuwa na paa refu na bado shofere akajikwaa kwenye nundu kila usiku.

2. Upepo hauonekani, lakini unakula mazutu

Mtu akibeba bati la nyumba siku ya upepo mkali, anajua somo hili pasipo mwalimu. Akilishika bati wima mbele ya kifua, upepo unamsukuma nyuma. Akililaza ubavu, upepo unapita juu na chini, naye anatembea vizuri. Bati ni lile lile na uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa uso unaokutana na upepo.

Kamioni ni hivyo hivyo. Hata siku isiyo na upepo, inapokwenda yenyewe inajifanyia upepo, kwa sababu lazima isukume hewa ili ipite. Nguvu ya kusukuma hewa inatoka kwenye motere, na nguvu ya motere inatoka kwenye tanki ya mazutu.

Angalia sasa kazi ya mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, kwa mfano kutoka kilometa 40 mpaka 80 kwa saa, nguvu ya hewa haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Kwa njia hiyo hiyo, shofere anayeshuka kutoka 90 mpaka 80 anapunguza nguvu ya hewa kwa karibu sehemu moja ya tano. Hakununua kitu chochote. Ameinua mguu kidogo tu.

Lakini hewa si mlaji peke yake. Mapine nayo yanakula, na milima inakula. Katika Zambia, Zimbabwe na Afrika ya Kusini kamioni pamoja na mzigo wake inaruhusiwa kufika tani 56. Kamioni yenye uzito huo, hata ikienda 80, inapoteza nguvu nyingi zaidi kwenye mapine kuliko kwenye hewa. Ikirudi tupu, mambo yanageuka: mapine yanakula kidogo, na hewa inakuwa mlaji mkubwa. Kwa hiyo shofere anayesema «niko mtupu, sasa nikimbie» anakimbia katika saa ile ile ambapo mwendo unamla mazutu kuliko vitu vingine vyote.

3. Tazama kilicho nyuma yako

Sasa turudi kwenye paa. Chukua mfano wa kamioni mbili, na tuziangalie kwa ubavu.

Kamioni ya kwanza inavuta kontena. Sakafu ya remoroki iko kama mita 1.5 juu ya ardhi. Kontena ya kawaida ina urefu wa mita 2.59. Juu ya kontena kunafika basi kama mita 4.1. Kama kabini ina paa fupi la mita 3, kontena inasimama nyuma yake kama ukuta, mita 1 na zaidi juu ya paa. Hewa inapita juu ya kabini, kisha inagonga ukuta ule. Ndilo bati letu lililoshikwa wima. Hapa paa refu linasaidia sana, kwa sababu linapandisha hewa polepole na kuipitisha juu ya kontena.

Kamioni ya pili inavuta remoroki wazi yenye shaba. Shaba ni nzito sana: mita moja ya kujaa (mita 1 kwa 1 kwa 1) ina uzito wa karibu tani 8.9. Tani 34 za shaba zingeyeyushwa na kumwagwa sawasawa juu ya remoroki ya mita 12 kwa 2.4, zingefanya tabaka la sentimita 13 tu. Hatuzibebi hivyo, tunazibeba kwa mafungu, lakini hata mafungu hayapandi sana juu ya sakafu. Kwa hiyo mzigo wote umejificha nyuma ya kabini, hata ikiwa kabini ni fupi. Ukiweka hapo paa refu, unasimamisha bati kwenye upepo bila sababu. Nyuma yake hakuna ukuta wa kukinga.

Sasa mnaona kwa nini watu wawili wa garaji walibishana na wote wawili walikuwa na haki. Mmoja alikuwa anafikiri remoroki ya shaba, mwingine alikuwa anafikiri kontena.

Tunaweza kuandika kanuni hivi:

— Mzigo mrefu (kontena, remoroki yenye mapazia, sanduku): paa refu.
— Mzigo wa chini (shaba kwenye remoroki wazi, mashini ya chini): paa fupi au la katikati.
— Mzigo unaobadilika: paa la katikati au fupi, pamoja na bamba la upepo juu ya paa, lile linaloweza kuinuliwa na kushushwa.

Bamba hilo ni chombo kizuri, lakini lina kazi. Ukivuta kontena, liinue mpaka hewa ipite juu ya ukingo wa kontena. Ukivuta remoroki wazi, lishushe. Bamba lililoinuliwa nyuma yake pakiwa patupu linaleta hasara. Tazama pia nafasi kati ya kabini na mzigo. Ikiwa kubwa sana, hewa inaingia humo na kuzunguka kama maji kwenye shimo. Mekanisie anaweza kuipunguza, lakini lazima aache nafasi ya kukata kona na nafasi ya mipira ya freni.

4. Hesabu ya mazutu: usiku mmoja kwenye mstari

Kosa la paa linatupotezea mazutu kiasi gani? Tufanye hesabu ya karibu. Tuseme paa refu linasimamisha bure kwenye upepo uso wa mita 2 za mraba. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, uso huo unakula kama lita 2 kwa kila kilometa 100. Kwa mwendo wa 40, unakula karibu nusu lita tu.

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 300. Kwenda na kurudi ni 600. Hata kama shofere angeshika 80 njia nzima, paa lisilofaa lingemla kama lita 12. Kwenye safari ya kilometa 2,000 ya lami mpaka baharini, lingekula kama lita 40 za kwenda. Hilo si jambo dogo. Mwenye kamioni 50 alihesabu, atakuna kichwa.

Lakini sasa weka pembeni yake hesabu ya pili. Shofere yuko Kasumbalesa kwenye mstari wa duane. Usiku umeingia. Ndani ya kabini joto ni kali, mbu wanapiga kelele, godoro limeisha. Anafanya nini? Anaacha motere inanguruma ili apate hewa ya baridi. Au ni mwezi wa saba, usiku una baridi ya kuuma, anaacha motere inanguruma ili apate joto. Motere kubwa inayonguruma mahali pamoja inakula karibu lita 3 kwa saa. Saa 8 za usiku ni lita 24.

Someni tena, ndugu. Usiku mmoja wa motere kunguruma umekula mara mbili ya hasara ya paa ya Kolwezi–Lubumbashi kwenda na kurudi. Na mara nyingi kwenye mstari ule mtu halali usiku mmoja tu. Siku tatu zinafanya lita 72, na kamioni haijasogea hata kilometa moja.

Ndiyo sababu tunasema starehe ya shofere si adui ya mazutu. Kabini ambayo mtu anaweza kulala ndani yake motere ikiwa imezimwa, ndiyo kabini inayolinda tanki. Vitu vyenyewe si vya ajabu: kuta na paa vyenye kitambaa kinene cha kuzuia joto na baridi, mapazia ya madirisha, tundu la paa linalofunguka, wavu wa mbu, feni ndogo inayotumia batri, godoro zima na blanketi mbili. Yote hayo pamoja ni bei ndogo mbele ya usiku mia moja wa motere kunguruma.

Lakini mkubwa wa kazi asimwambie shofere «zima motere» kama hakumpa vitu hivyo. Amri isiyo na godoro haifuatwi.

5. Usingizi ni chombo cha kazi

Fundi wa chini ya ardhi hawezi kushuka bila taa. Shofere naye hawezi kupanda bila usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila siku, na anazihitaji hata akiwa kijana mwenye nguvu.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima jambo hili. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi ya mikono na macho vibaya kama mtu mwenye pombe ya 0.05 kwa mia katika damu yake. Katika nchi nyingi hicho ndicho kiasi ambacho sheria inamkataza mtu kushika usukani. Na aliyekaa macho usiku kucha mpaka kutimiza saa 24 anakuwa mbaya zaidi. Mlinzi wa mlango anaweza kunusa pombe. Usingizi hauna harufu.

Kwa mwendo wa 80, kamioni inakwenda mita 22 kwa kila sekunde moja. Shofere akisinzia sekunde 4, amekwenda karibu mita 90 bila mtu kwenye usukani. Na nyuma yake kuna tani 34 za shaba.

Saa za hatari ni mbili: kati ya usiku wa manane na mapambazuko, na saa za mchana nyuma ya chakula. Usidanganywe na dirisha wazi wala muziki wa nguvu. Vinakuamsha dakika chache, kisha usingizi unarudi na deni lake. Ukianza kupiga miayo mara kwa mara, ukisahau kilometa ulizopita, ukigusa ukingo wa barabara, simama mahali pa usalama na ulale dakika 15 au 20. Tena angalia dawa za mafua na za kujikuna: nyingine zinaleta usingizi. Muulize muuguzi mbele ya kuzimeza.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2006 inasema: nyuma ya saa 4 na nusu za kuendesha, shofere apumzike dakika 45, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku. Ni kipimo kizuri kwa kila mkubwa wa kazi anayepanga safari.

Kabini inaingia wapi katika maneno haya? Inaingia kwenye kitanda. Kitanda kiwe sawa, si cha mteremko, kisipungue mita 2 kwa sentimita 70. Shofere anayelala njiani usiku nyingi kwa mwezi anastahili kabini ambayo anaweza kugeuka na kunyoosha mgongo. Anayevuta remoroki ya chini na kulala njiani, achaguliwe kabini ya paa la katikati yenye sakafu sawa na kitanda kizuri. Itampa usingizi bila kusimamisha bati kubwa kwenye upepo. Na ikilazimika kuchagua kati ya lita 2 za mazutu na usingizi wa shofere, chagua usingizi. Hakuna kampani iliyopata faida kwa kamioni iliyolala bondeni.

Neno moja juu ya mgongo: paa refu haliponyi mgongo. Kinacholinda mgongo ni kiti. Kiti chenye hewa chini yake, kilichopimwa kwa uzito wa shofere mwenyewe, kinapunguza mitikisiko ya barabara mbovu. Kiti kilichoharibika kitengenezwe mara moja, kama freni.

6. Hatari za kabini ndefu

Kabini ya juu ina mema yake, lakini ina hatari tatu ambazo lazima kila mtu azijue.

Ya kwanza ni kupanda na kushuka. Kwenye kabini ya sakafu ya juu, shofere anayeruka anaanguka kutoka juu kama mtu anayeruka kutoka ukutani. Kifundo cha mguu, goti na kiuno vinalipa. Kanuni: uso uelekee kabini, wakati wote mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika. Usishuke na kikombe mkononi. Futa tope na mafuta kwenye ngazi.

Ya pili ni kutoona karibu. Aliye juu anaona mbali, lakini haoni kilicho chini ya pua ya kamioni wala kilicho pembeni, upande usio wa usukani. Mtoto aliyechuchumaa mbele ya kamioni haonekani kabisa. Mbele ya kuondoka, shuka, zunguka kamioni, tazama chini. Mjue pia kwamba kamioni nyingi za Zambia na Afrika ya Kusini zina usukani kuume, na kwetu Congo tunapita kuume. Shofere wa kamioni hiyo anaona vibaya wakati anapotaka kumpita mwenzake. Mpe nafasi, wala usikae pembeni yake.

Ya tatu ni vitu vya juu. Katika Afrika ya Kusini urefu wa kamioni na mzigo usipite mita 4.3. Katika kambi na mitaa yetu kuna waya za umeme zinazoning'inia, matawi ya miembe na milango ya hangari. Andika urefu wa kamioni yako kwa rangi ndani ya kabini, mahali pa kuuona. Ukibadilisha remoroki au ukiinua bamba la upepo, pima tena.

7. Mbabula, moshi na mbu

Usiingize kamwe mbabula ya makala ndani ya kabini, hata makala yakiwa mekundu bila moshi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makala yanatoa gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kisha usingizi usio na kuamka. Kabini ni sanduku dogo, linajaa upesi. Ukimkuta mwenzako amezimia ndani ya kabini yenye mbabula, fungua milango yote, mtoe kwenye hewa safi, na umpeleke hospitali.

Moshi wa mazutu nao si wa kuchezea. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani liliuandika katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Kwenye mstari wa duane, anayezima motere yake analinda mapafu yake na mapafu ya mwenzake aliye nyuma. Na mbu wa mstarini anauma kama mbu wa nyumbani: tumia wavu, kila usiku.

8. Kwa wamama na watoto wa nyumbani

Mama, bwana wako akitakiwa kuondoka usiku, mchana ule ni usiku wake. Watoto wacheze nje, wageni wangoje, habari za deni na za jamaa ziwekwe kwa siku nyingine. Mbele hajashika funguo, muulize: «Umelala saa ngapi?» Mpe shuka safi, blanketi na chandarua, kama unavyompa chakula cha njia. Usimpigie simu akiwa anaendesha. Mwambie akupigie yeye akisimama. Na watoto wajue: chini ya kamioni na mbele ya pua yake si mahali pa kivuli wala pa mchezo, hata ikiwa imezimwa.

9. Tujipime

Someni maulizo haya pamoja nyumbani au kwenye garaji.

Ulizo la 1. Kamioni inabeba shaba kwenye remoroki wazi, na shofere analala nyumbani kila jioni. Kabini gani?
Jibu. Kabini ya mchana au ya paa fupi. Paa refu ni hasara.

Ulizo la 2. Kamioni inavuta kontena mpaka Durban na kurudi. Kabini gani?
Jibu. Paa refu, yenye kitanda kizuri. Hapa mazutu na usingizi vinakubaliana.

Ulizo la 3. Kamioni inashusha shaba na kurudi na kontena, na shofere analala njiani. Kabini gani?
Jibu. Paa la katikati, sakafu sawa, kitanda kizima, na bamba la upepo linaloinuliwa na kushushwa. Shofere afundishwe kulitumia.

Ulizo la 4. Kampani haina pesa za kununua kamioni mpya mwaka huu. Ifanye nini?
Jibu. Ipunguze mwendo, ipime hewa ya mapine kila asubuhi, ishushe bamba la upepo mahali pasipo mzigo mrefu, ibadilishe magodoro, iweke wavu na feni, na iandike mazutu ya kila safari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu mashofere, mkubwa wa kazi akiwauliza mnataka kabini gani, msijibu «ile nzuri». Mwambieni mnavuta nini, mnakwenda mbali gani, na mnalala njiani usiku ngapi kwa mwezi. Nanyi wakubwa, waulizeni mbele ya kutia sahihi kwenye karatasi za ununuzi, maana wao ndio watakaolala humo.

Safari njema, na mrudi salama.